Walikwenda Mwezini Wasitue

Mei 22, 1969, Wamarekani wawili, Thomas Stafford na Eugene Cernan, walipita juu ya Mwezi kwa kimo cha kilomita 15 hivi. Abiria wa ndege kati ya Dar es Salaam na Nairobi huwa juu kilomita kumi au zaidi kidogo, na anauona mlima, anaona mto, anaona hata paa za mabati zikimeta. Basi na wao waliona hivyo. Stafford aliwaambia watu wa Houston, mji wa Texas walikokaa waongozaji wa safari, kwamba mawe aliyokuwa akiyaona chini yangetosha kuijaza Galveston Bay, ile ghuba iliyo jirani na mji wao. Chombo walichokuwa nacho kilikuwa na miguu minne, injini ya kushukia na rada ya kupimia kimo. Hawakutua. Walikuwa wametumwa kufanya kila kitu ila kutua.

Hiyo ndiyo Apollo 10. Miezi miwili baadaye Neil Armstrong na Buzz Aldrin walikanyaga vumbi la Mwezi, na jina la Apollo 11 likafunika yote yaliyotangulia. Nimesoma habari za safari hizi kwa miaka mingi, nami kila mara najikuta nimerudi kwenye hii ya 10. Watu huiuliza swali moja tu: kwa nini hawakutua, na wao wameshafika? Mimi naona swali lenye faida ni jingine. Walirudi na nini? Kwa sababu safari ya majaribio hupimwa kwa kasoro inazozileta nyumbani, na hii ilileta nyingi.

Swali la kutua lilikuwa la kweli hata ndani ya NASA, shirika la anga la Marekani. George Mueller, aliyekuwa akiongoza ofisi ya safari za anga zenye watu, alikuwa miongoni mwa waliouliza sababu ya kumpeleka mtu umbali wa karibu kilomita 400,000 kisha arudi bila kugusa chini. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kila roketi ya Saturn V iliyorushwa iligharimu fedha nyingi, kila safari ilikuwa na hatari zake, na ahadi ya Rais Kennedy ya kufika Mwezini kabla ya muongo wa 1960 kwisha ilikuwa imebakiwa na miezi tu. Stafford, aliyeteuliwa kuwa nahodha wa safari hiyo, hakukubaliana naye. Mambo yasiyojulikana, kwa maoni yake, yalikuwa mengi mno kuyabeba yote kwa siku moja.

Na ukiyahesabu unamwelewa. Apollo 8 ilikuwa imeuzunguka Mwezi Desemba 1968, lakini haikubeba chombo cha kutulia. Apollo 9 ilikijaribu chombo hicho Machi 1969, lakini hapa hapa, kwenye mzingo wa Dunia, ambako mambo yakiharibika mtu yuko karibu na nyumbani. Hakuna aliyewahi kuvitenganisha vyombo viwili kule mbali, kimoja kikashuka, kikapanda, kikamtafuta mwenzake na kuungana naye tena, huku watu walioko Duniani wakivifuatilia vyote viwili kwa redio.

Halafu kulikuwa na Mwezi wenyewe. Mwaka 1968 wanasayansi wawili wa maabara ya JPL huko California, Paul Muller na William Sjogren, walichambua mwendo wa vyombo visivyo na watu vya Lunar Orbiter, wakagundua kwamba mvutano wa Mwezi haulingani kila mahali. Chini ya yale mabonde makubwa ya mviringo, yale tunayoyaona kutoka huku kama madoa meusi, pamelala mabonge ya miamba mizito. Chombo kinachopita juu yake huvutwa kidogo, kikapotoka kidogo, na kila mzunguko unaongeza upotofu wake. Kwa kamera inayopiga picha kutoka juu hilo si neno. Kwa watu wanaotaka kushukia sehemu waliyoichagua, tena wenye mafuta ya kuhesabu, hilo ni suala la uhai. Dawa yake ilikuwa moja: kupeleka chombo kwenye njia ile ile itakayopitwa siku ya kutua, kukipima kinavyokwenda, na kusahihisha hesabu.

Waliopewa kazi hiyo walikuwa watatu, na wote walikuwa wameshawahi kuruka. Stafford alikuwa amesafiri na Gemini 6 na Gemini 9, vyombo vya watu wawili vilivyotangulia Apollo. Cernan alikuwa naye kwenye Gemini 9, na alitoka nje ya chombo akahangaika hadi kioo cha kofia yake kikafunikwa na ukungu wa jasho. John Young, ambaye ndiye angebaki kwenye chombo kikuu, kile cha kuwarudisha nyumbani, alikuwa ameruka na Gemini 3 kisha Gemini 10. Kwenye Gemini 3 mwenzake alikuwa Gus Grissom.

Nalitaja jina la Grissom kwa sababu. Januari 27, 1967, Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikufa kwa moto ndani ya chombo chao huko Florida. Hawakuwa wakiruka. Roketi haikuwa hata na mafuta. Walikuwa kwenye zoezi la matayarisho, wamefungiwa mlango, wakipitia hatua za urushaji moja baada ya moja, cheche ikawasha moto ndani ya hewa ya oksijeni tupu. Siku hiyo hiyo Stafford, Young na Cernan walikuwa Downey, California, ndani ya chombo cha aina ile ile, wakifanya majaribio yao. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Apollo 10 ilikuwa “mazoezi tu”, mimi hukumbuka kwamba hawa watatu walijua vizuri kuliko mtu yeyote zoezi linaweza kudai nini.

Walirushwa Jumapili, Mei 18, 1969, saa 6:49 mchana kwa saa za Florida, kutoka uwanja wa 39B, ambao ulikuwa haujawahi kutumika. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 1:49 usiku. Mwezi ulikuwa mchanga, ndio kwanza umeandama. Kwa hesabu za pwani ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Uchanga wake haukuwa jambo la bahati. Sehemu iliyokusudiwa kwa safari ya kutua, kwenye Bahari ya Utulivu, bado ilikuwa gizani, na jua lilipangiwa kuchomoza huko wasafiri wakiwa wamekaribia. Waliopanga safari waliitaka asubuhi. Jua la chini hurefusha vivuli, na kivuli kirefu ndicho kinachomwonyesha rubani kwamba hapa pana shimo na pale pana jiwe. Jua likipanda utosini, nchi yote hugeuka nyeupe na kila kitu kinajificha. Kwa kuwa majaribio yalitaka kufanana na siku yenyewe, hata jua lilipaswa kuwa pale litakapokuwa Julai.

Nikiwa mtu wa Unguja siwezi kulipita hili bila kutaja kwamba hata kisiwa chetu kilikuwa na mkono kwenye safari za kwanza za Wamarekani angani. Kule Tunguu palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, na vyombo vilipopita juu ya Bahari ya Hindi, sauti za marubani zilinaswa hapo. Wengine walikihofia wakidhani ni cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa mwaka huo huo, na safari za Apollo zikafuatiliwa kwa masikio makubwa ya California, Hispania na Australia. Kila nikipita njia ya Tunguu hulikumbuka jambo hili, na ninasikitika kwamba vijana wengi wa sasa hawajawahi kuhadithiwa.

Tuwarudie wasafiri. Vyombo vyao walivipa majina ya wahusika wa katuni: chombo kikuu Charlie Brown, na cha kushukia Snoopy, jina la mbwa. Njiani waliwasha kamera ya televisheni ya rangi, ya kwanza kurusha picha hai za rangi kutoka angani, kitu ambacho Stafford mwenyewe alikuwa amekipigania. Watu wakaiona Dunia yao ya buluu na nyeupe wakiwa wamekaa sebuleni. Naamini alikuwa na haki ya kukipigania. Wananchi waliokuwa wakilipia safari walistahili kuona.

Walipouzunguka Mwezi, kwa kimo cha kilomita 110 hivi, kasoro zikaanza kujitokeza. Kabla ya kutengana waligundua kwamba Snoopy amejipinda digrii tatu na nusu pale alipoungana na mwenzake. Hofu ilikuwa kwamba vile vibanio vidogo vinavyoshika vyombo viwili vingekatika, wakashindwa kuungana tena baadaye. Houston wakafanya hesabu haraka: chini ya digrii sita hakuna hatari, tenganeni. Wakatengana upande wa nyuma wa Mwezi, ambako redio haifiki Duniani. Young akawa binadamu wa kwanza kubaki peke yake akiuzunguka Mwezi. Aliwaambia wenzake kwamba hawatajua kamwe chombo hiki kinavyokuwa kikubwa akibaki mtu mmoja. Cernan akamjibu kwamba naye hatajua kinavyoonekana kidogo kutoka walipo wao.

Kisha wakawasha injini ya kushukia, kwa nusu dakika tu. Haikuhitaji zaidi. Njia yao ikabadilika kutoka duara ikawa yai, na sehemu ya chini ya yai hilo ilikuwa mashariki ya Bahari ya Utulivu. Walishuka wakienda kwa kasi ya karibu kilomita 6,000 kwa saa. Rada ya kutulia, ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika itausikiaje uso wa Mwezi, ikaushika na kutoa vipimo vyake sawasawa. Kamera ya Stafford ikakwama. Yeye na Cernan wakaendelea kueleza kwa mdomo kila walichokiona, kasoko moja baada ya nyingine, maana walikuwa wamezikariri ramani hadi zikawaingia kichwani. Cernan alikuwa akipaza sauti kwa furaha.

Hapo Stafford alitoa taarifa ambayo kwangu ndiyo hazina ya safari nzima. Aliiangalia sehemu iliyochaguliwa akasema upande wa mwanzo ni laini, kama udongo mbichi, kama mto uliokauka. Lakini upande wa mwisho pamechafuka, na palipo wazi ni kiasi cha robo tu au kidogo zaidi. Atakayefika upande ule, alionya, atahitaji mafuta ya kuelea juu kwa muda ili ajitafutie mahali. Tafadhali yaweke maneno hayo akilini.

Walipita mara mbili. Kwenye mara ya pili walipaswa kuitupa sehemu ya chini ya chombo, ile yenye miguu, na kuwasha injini ya kupandia kana kwamba wanaondoka Mwezini. Hapo ndipo Snoopy alipochachamaa. Kilianza kuzunguka na kubingirika ovyo, upeo wa macho wa Mwezi ukipita dirishani mara hii, mara ile, mara nyingine tena. Maikrofoni ya Cernan ilikuwa wazi, na matusi yake yakasikika moja kwa moja Duniani. Stafford akaitupa sehemu ya chini, akashika usukani kwa mkono, na ndani ya sekunde chache akakituliza.

Sababu ilikuwa swichi. Ule mfumo wa akiba wa kuongoza chombo ulikuwa na hali mbili: moja inakiagiza chombo kitulie kilivyo, nyingine inakiagiza kimtafute mwenzake na kumwelekea. Kwa ajili ya hatua ile ilitakiwa hali ya kwanza. Katika pilikapilika za wawili waliosimama bega kwa bega ndani ya chumba kisichozidi kabati, swichi ikaishia kwenye hali ya pili. Snoopy hakuharibika. Kilitii. Kiliambiwa mtafute Charlie Brown, nacho kikageuka kumtafuta kwa nguvu zake zote.

Duniani wapo walioudhika na maneno ya Cernan, na malalamiko yakapelekwa, naye akaomba radhi. Mimi nimeusoma mfuatano wa mazungumzo yale mara nyingi, na kinachonigusa ni dakika zinazofuata. Baada ya kashkashi lile wanarudi kwenye orodha yao ya hatua, wanasoma namba, wanaitikiana, wanawasha injini ya kupandia kwa wakati wake. Saa nane hivi baada ya kutengana, wakaungana tena na Young. Kila kipande cha safari ya kutua kilikuwa sasa kimeshafanyika mara moja, isipokuwa zile kilomita 15 za chini.

Kuna hadithi maarufu kwamba NASA iliwanyima mafuta ili wasije wakashawishika kutua. Cernan mwenyewe alipenda kuisimulia. Inachekesha, lakini inawanyima haki yao watu wale na wale mafundi, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Ni kweli tangi la kupandia lilijazwa karibu nusu tu. Sababu ni kwamba chombo kinachopanda kutoka Mwezini, kikifika juu kukutana na mwenzake, kinakuwa kimeshachoma mafuta mengi na kimekuwa chepesi. Kwa kuwa Snoopy hakingepanda kutoka chini, kilipaswa kuanza kikiwa na uzito ule wa huko juu, ama sivyo majaribio ya kukutana yasingefanana na siku yenyewe. Isitoshe, chombo hicho kilikuwa kizito kupita kiasi. Kupunguza uzito kulikamilika kwenye chombo kilichofuata, kile cha Armstrong. Snoopy kingetua, kisingeondoka. Stafford, Young na Cernan walilijua hilo tangu zamani. Hakuna aliyehitaji kufungiwa mafuta ili atii. Walitii kwa sababu waliielewa kazi.

Sehemu ya juu ya Snoopy, ikiwa tupu, ilirushwa mbali na Mwezi, na hadi leo inalizunguka Jua. Sehemu za juu za vyombo vingine vya aina yake vilivyobeba watu ziliungua hewani au inaaminika ziligonga Mwezi. Mwaka 2019 kundi la wanaastronomia wa Uingereza lilitangaza kwamba linaamini limeiona.

Charlie Brown kilirudi Mei 26. Kiliingia kwenye hewa ya Dunia kwa kasi ya kilomita 39,897 kwa saa, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imeandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa kasi kubwa kuliko zote walizowahi kwenda wanadamu. Kikaangukia Pasifiki, mashariki ya Samoa ya Marekani, na meli ya USS Princeton ikawaokota. Sasa kiko London, kwenye jumba la makumbusho la sayansi. Nimekwenda kukitazama. Ngozi yake imeungua ikawa ya rangi ya kahawia, na upande wa chini moto umekula hadi ndani. Siku niliyokuwepo, mama mmoja alimwambia mwanawe, “Hiki ndicho kilichokwenda mwezini bila kutua,” wakapita. Nilitamani kuwasimamisha niwaeleze kila nilichokieleza hapa.

Ningeanza na Julai 20. Vipimo vya mwendo wa Apollo 10 vilikuwa vimeingizwa kwenye hesabu za njia ya Apollo 11, na bado chombo cha Armstrong kilipitiliza shabaha kwa kilomita kadhaa, kwa sababu hitilafu ndogo za mwendo zilikuwa zimejikusanya kabla hakijaanza kushuka. Bila vipimo vya Mei kosa hilo lingekuwa kubwa zaidi. Aliyekuwa akizungumza naye kutoka Houston alikuwa Charlie Duke. Duke ndiye aliyezungumza na Stafford na Cernan waliposhuka Mei, na Armstrong alimwomba arudi kwenye kiti kile kile kwa sababu alikuwa ameshakijua chombo na hatua zake. Armstrong alipochungulia dirishani aliona kasoko kubwa iliyozungukwa na mawe, na kompyuta ilikuwa inampeleka humo. Akashika usukani, akakiinua chombo kiende mlalo, akaelea akitafuta pahali peupe. Kilipogusa chini, mafuta ya kushukia yalikuwa yamebaki ya chini ya dakika moja. Alikuwa ameangukia upande ule wa mbali, wenye mawe, na mafuta yale ya kuelea ndiyo aliyoyasema Stafford.